Allidina Visram: kijana wa Kutch aliyeshuka Bagamoyo, akaifanya Mombasa makao ya biashara yake

Ukilitaja jina la Allidina mjini Mombasa, wengi watadhani unazungumzia shule. Watakuuliza ulimaliza mwaka gani, au watakwambia mjomba wao alisoma pale. Ni wachache watakaokumbuka kwamba jina hilo lilikuwa la mtu, Mhindi Khoja aliyevuka bahari akiwa mtoto, akaanzia kwenye duka la wenyewe kule Bagamoyo, na hatimaye akawa na maduka kuanzia mwambao wetu mpaka ng'ambo ya Ziwa Victoria. Sanamu yake imesimama katika bustani ya Treasury Square, mwendo mfupi tu kutoka Ngome ya Yesu, na watu hupita kando yake kila siku wakielekea ofisini na kortini.

Makala haya yanaeleza maisha ya bwana huyo: alikotoka, alivyofanya biashara, alichokiacha, na jasho la watu gani lilichanganyika na mali yake.

Kuzaliwa na safari ya bahari

Allidina Visram alizaliwa mwaka 1851 katika eneo la Kutch, kaskazini magharibi mwa Bara Hindi. Kutch ni nchi kavu, yenye mvua haba na ardhi kubwa ya chumvi. Watu wake tangu zamani walitegemea bahari kuliko jembe. Kutoka bandari za Mandvi na Mundra, majahazi yalikuwa yakija kwetu na upepo wa kaskazi, kuanzia mwezi wa Disemba, yakiwa yamepakia nguo, mchele na vyombo, kisha yanarudi na kusi yakiwa na pembe, boriti na karafuu. Kwa hivyo mwambao wa Afrika Mashariki haukuwa nchi ngeni kwa watu wa Kutch. Kila ukoo ulikuwa na jamaa Unguja, Mombasa, Lamu au Bagamoyo.

Allidina aliingia katika safari hiyo mwaka 1863, akiwa na umri wa miaka 12. Leo tungesema ni mtoto wa darasa la sita. Wakati huo Unguja ilitawaliwa na Sultani Majid bin Said, na mwambao wote, Mombasa ikiwemo, ulikuwa chini ya bendera yake. Forodha ya Unguja ilikuwa imekodishwa kwa nyumba ya Jairam Shivji, matajiri wa Kibaniani waliotoka Kutch vilevile. Kwa kijana wa Kutch aliyejua kusoma hesabu na kuandika daftari, kazi haikukosekana.

Alishukia Bagamoyo, mji uliokuwa mlango wa bara. Kutoka hapo ndipo misafara ilipoanza njia ya Tabora na Ujiji, na hapo ndipo ilipomaliza. Allidina aliajiriwa katika biashara ya ukoo wa Paroo, ambao nao asili yao ilikuwa Kutch. Mkuu wa biashara hiyo baadaye alikuwa Sewa Haji Paroo, aliyezaliwa Unguja mwaka huohuo wa 1851.

Shule ya Bagamoyo

Ili kumuelewa Allidina, ni lazima kwanza kumuelewa Sewa Haji, kwa kuwa kwake ndiko alikojifunza kazi.

Sewa Haji alikuwa mtu wa kuunga misafara. Msafiri au mfanyabiashara aliyetaka kwenda bara alimwendea yeye ampatie wapagazi, nguo, shanga, waya wa shaba na bunduki. Henry Morton Stanley ni miongoni mwa waliopitia mikononi mwake. Mpagazi mmoja alibeba mzigo wa karibu kilo 30 kichwani au begani, na safari ya kwenda Ujiji ilichukua miezi mitatu au zaidi. Msafara mkubwa ulikuwa na mamia ya watu. Nguo ndiyo iliyokuwa pesa: merikani kutoka Marekani, kaniki kutoka Bara Hindi, na vitambaa vya rangi ambavyo kila nchi ilikuwa na mtindo wake. Mfanyabiashara aliyepeleka kitambaa kisichopendwa Unyamwezi alirudi na mzigo wake kama alivyokwenda nao.

Hapo ndipo Allidina alipojifunza mambo matatu yaliyomfaa maisha yake yote. La kwanza ni kujua mteja wa kila mahali anataka nini. La pili ni mali kauli, yaani kumpa mtu bidhaa kwa ahadi ya mdomo, akauze kisha arudi na malipo. La tatu ni kwamba anayemiliki usafiri ndiye anayepanga bei.

Sewa Haji alikuwa na sifa nyingine iliyomgusa mwanafunzi wake. Alitoa mali yake kwa watu wote bila ya kuangalia kabila wala dini. Alitoa jengo la shule Bagamoyo mwaka 1892 kwa sharti kwamba watoto wa rangi zote wasome pamoja. Akagharimia hospitali Bagamoyo na nyingine Dar es Salaam, na hadi leo hospitali ya taifa ya Muhimbili ina jengo linaloitwa Sewahaji. Alifariki mwaka 1897.

Baada ya kifo cha Sewa Haji, Allidina alichukua sehemu kubwa ya biashara ya misafara. Wakati huo alikuwa tayari na maduka yake Bagamoyo, Dar es Salaam, Saadani, Tabora, Ujiji na kwingineko, na mawakala wake walifika mpaka Kongo. Walipeleka nguo, chumvi na nafaka. Walirudi na pembe za ndovu, nta, asali na karafuu.

Kugeuka kuelekea Mombasa

Mtu mwingine angetosheka na njia ya Bagamoyo. Lakini dunia ilikuwa inabadilika, na Allidina alibadilika nayo.

Wajerumani walikuwa wameitwaa Tanganyika. Vita vya Abushiri vilikuwa vimepiganwa na kumalizika kwa Abushiri mwenyewe kunyongwa Pangani mwezi Disemba 1889. Mwaka 1891 makao makuu ya Wajerumani yalihamishwa kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam, na Bagamoyo ikaanza kufifia. Upande wa kwetu, Mwingereza alitangaza himaya yake mwaka 1895, akapambana na Mazrui wa Takaungu na Gazi, na mwaka 1896 akaanza kutandika reli kutoka Mombasa kwenda Ziwa Victoria.

Reli ile iliua biashara ya misafara ya miguu. Mzigo uliochukua miezi mitatu kichwani mwa mpagazi ungefika bara kwa siku chache ndani ya behewa. Mfanyabiashara aliyeishi kwa kuunga misafara alikuwa na njia mbili: kukaa akilia, au kuifuata reli. Allidina aliifuata.

Mafundi na vibarua wa reli hiyo wengi waliletwa kutoka Bara Hindi, hasa Punjab, jumla yao wapatao 32,000. Karibu 2,500 kati yao walikufa kwa maradhi, ajali na simba wa Tsavo. Watu wote hao walihitaji mchele, unga wa ngano, dengu, samli, sukari, chai na tumbaku, na nyikani kuanzia Maji ya Chumvi mpaka Voi hapakuwa na soko. Allidina alifungua maduka kwenye kambi za reli, na kadiri reli ilivyosonga mbele ndivyo na maduka yalivyosonga. Reli ilipofika mahali ilipojengwa Nairobi mwaka 1899, duka lake lilikuwepo. Ilipofika Kisumu mwishoni mwa 1901, alikuwa amekwisha kuvuka ziwa na kuanza biashara Uganda.

Makao makuu aliyaweka Mombasa. Sababu yake inaeleweka na kila mtu wa mwambao: bandari ndiyo kinywa. Bidhaa za ng'ambo zilishuka Mombasa, pembe na ngozi za bara zilipakiwa Mombasa, na reli ilianzia Mombasa. Anayekaa hapa anaona kinachoingia na kinachotoka.

Jinsi biashara yake ilivyokwenda

Kufikia mwaka 1904, Allidina alikuwa na matawi zaidi ya 30. Alikuwa na maduka Kisumu, Entebbe, Kampala, Jinja, na mengine yakaelekea kaskazini mpaka njia ya Sudani. Watu walimpa jina la mfalme wa Uganda asiye na taji. Ni vizuri kueleza ni kwa namna gani mtu mmoja, bila ya simu wala kompyuta, aliweza kusimamia maduka yaliyo mbalimbali hivyo.

Mfumo wenyewe ulikuwa wa watu. Kijana aliletwa kutoka Kutch au Kathiawar, mara nyingi jamaa au mtoto wa jirani. Alipewa chakula, mahali pa kulala na mshahara mdogo. Alianza kwa kufagia duka na kupima chumvi, akajifunza Kiswahili, akajifunza kuandika daftari. Akishaaminika, alipewa bidhaa kwa mali kauli na kupelekwa mahali pasipo na duka. Akafungua kibanda cha mabati, akalala nyuma ya kaunta, akauza kidogo kidogo: kibaba cha chumvi, dhiraa ya kaniki, kiberiti kimoja. Naye alinunua kutoka kwa wenyeji kila kilichouzika: ngozi, ufuta, nta, pilipili, na baadaye pamba. Vitu hivyo vilirudi Mombasa kulipia bidhaa alizochukua. Akifaulu, alijitegemea na kuwa na duka lake mwenyewe, huku akiendelea kununua kwa Allidina kwa jumla. Faida ikawa ya wote wawili.

Ndiyo maana neno duka, ambalo tunalisema bila ya kufikiri asili yake, lilienea bara pamoja na watu hawa. Limetoka kwenye dukan, neno la Waarabu, Waajemi na Wahindi, na likafika vijijini ambako kabla yake kulikuwa na magulio ya siku maalumu tu.

Jambo la pili lililomfanya awe mkubwa ni fedha. Benki ya kwanza haikufungua mlango Uganda mpaka mwaka 1906. Kabla ya hapo, ofisa wa serikali au mmishonari aliyekuwa na hundi alihitaji mtu wa kumpa rupia taslimu, na mtu huyo alikuwa Allidina. Mtu alilipa fedha duka la Mombasa akapewa karatasi, na karatasi hiyo ikalipwa Kampala. Leo tunatuma pesa kwa simu na kuchukua kwa wakala mtaani; wakati ule wakala alikuwa karani wa Allidina, na usalama wake ulikuwa jina la tajiri lililoandikwa chini ya karatasi.

Jambo la tatu ni kutotegemea bidhaa moja. Pembe za ndovu zilimtajirisha, lakini alijua zitapungua. Akaingia kwenye pamba pale Waganda walipoanza kuilima kwa wingi baada ya 1903, akaweka mitambo ya kuichambua. Akafungua viwanda vya kukamua mafuta, vya kupasua mbao na vya kutengeneza soda. Akawa na mashamba makubwa yenye vibarua wengi. Ziwani alikuwa na vyombo vyake vya kubebea mizigo. Nchi kavu alikuwa na mikokoteni. Lile somo la Bagamoyo kuhusu usafiri hakulisahau.

Nafasi yake katika jamii

Katika jamaa ya Ismailia, Allidina alipewa cheo cha Varas, heshima ambayo Imamu wa Ismailia huwapa watu waliotumikia jamaa kwa muda mrefu. Huko alikopita alisaidia ujenzi wa jamatikhana na madarasa.

Lakini hakufungika katika jamaa yake peke yake. Wahindi wa Mombasa walikuwa wa makundi mengi: Khoja, Bohora, Memon, Baniani, Singasinga, Wagoa. Kila kundi lilikuwa na mahali pake pa ibada, na mara nyingi walishindana kibiashara. Mwaka 1900 walianzisha chama kimoja cha kutetea haki zao, Mombasa Indian Association. Mwanzilishi alikuwa L. M. Savle, na Allidina pamoja na A. M. Jeevanjee walikuwa miongoni mwa matajiri waliokiunga mkono.

Haki hizo zilikuwa za kweli, na kilichowasukuma kilikuwa kinauma. Serikali ya himaya ilikuwa inawagawia Wazungu ardhi ya nyanda za juu na kuwakataza Wahindi wasimiliki huko. Mtu aliyeilisha kambi za reli kwa miaka mitano hakuruhusiwa kununua shamba pale reli ilipopita. Ndiyo sababu moja iliyowafanya Wahindi wabaki dukani na mjini: milango mingine ilikuwa imefungwa. Wanaosema kwamba Wahindi kwa tabia yao hawapendi ukulima wasisahau sheria hiyo. Allidina mwenyewe, alipopata nafasi ya kulima, alilima.

Mali yake na jasho la wengine

Ukisoma sifa za matajiri wa zamani, utadhani walikuta nchi tupu wakaijaza. Haikuwa hivyo. Biashara ya mwambao na bara ilikuwepo kabla ya Allidina kuzaliwa. Wanyamwezi walikuwa wakishusha pembe pwani kwa njia zao wenyewe. Wakamba na Wamijikenda walikuwa wakiileta Rabai na Mombasa. Waswahili na Waarabu walikuwa wamefungua Tabora na Ujiji. Allidina alikuta njia zimekwisha kulimwa. Alichokifanya ni kuzipanua na kuzifunga pamoja kwa mtaji na daftari.

Tena mizigo ile haikutembea yenyewe. Kila frasila ya pembe, kama kilo 16, ilibebwa na mtu. Wapagazi walikufa njiani kwa ndui, njaa na homa, na majina yao hayakuandikwa kwenye sanamu yoyote. Biashara ya pembe katika karne ya 19 ilikwenda sambamba na utumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na katika ukanda wa pwani ya Kenya hali ya utumwa haikufutwa kisheria mpaka 1907. Mtu aliyeanza kazi Bagamoyo mwaka 1863 aliishi ndani ya dunia hiyo. Hatuwezi kuutoa utajiri wa mwambao wa wakati ule, wa Mhindi, wa Mwarabu au wa Mswahili, tukauosha kana kwamba haukugusana nayo.

Liko pia suala la ardhi, ambalo bado linatuuma. Mwaka 1908 serikali ya mkoloni ilipitisha sheria ya hati za ardhi kwa pwani. Aliyekuwa na karatasi, au uwezo wa kuleta wakili na mashahidi, alisajiliwa kuwa mmiliki. Aliyekuwa analima tu, kama babu zake walivyolima, aliambiwa ardhi ile ni ya serikali au ya fulani. Matajiri wa mjini wa kila asili waliingia zama hizo wakiwa na karatasi mkononi. Wamijikenda na Waswahili wengi wa kawaida waliingia bila ya chochote. Mgogoro wa maskwota unaozungumzwa katika kila uchaguzi Kilifi, Kwale na Lamu una mizizi yake mle. Kuyasoma maisha ya mfanyabiashara mkubwa wa enzi ile bila ya kulitaja hilo ni kusoma nusu ya ukurasa.

Kusema haya hakumpunguzii Allidina bidii yake. Mtoto wa miaka 12 asiye na baba wa kumshika mkono ughaibuni, akafika alikofika, ana la kutufundisha. Ila historia ya mji ni ya watu wote waliobeba, waliopima, waliolima na waliouza.

Kifo, na kuanguka kwa biashara

Allidina hakuacha kusafiri hata uzeeni. Mwaka 1916, akiwa na umri wa miaka 65, alikwenda Kongo kwa shughuli za biashara, akapata homa, na akafariki mwaka huohuo. Vita vya kwanza vya dunia vilikuwa vinapiganwa. Majeshi ya Mwingereza na Mjerumani yalikuwa yanasakana katika nchi ileile ambayo alianzia maisha yake.

Mwanawe, Abdul Rasul, alirithi biashara. Haukuwa wakati mwepesi. Vita vilivuruga meli na bei. Mwaka 1920 serikali ilipandisha thamani rasmi ya rupia kutoka shilingi moja na peni nne za Kiingereza hadi shilingi mbili, kisha rupia yenyewe ikaondolewa na kuletwa shilingi ya Afrika Mashariki. Bei za mazao zikaanguka. Abdul Rasul alifariki mwaka 1923, na baada yake ile nyumba kubwa ya biashara ikavunjika. Maduka yakaenda kwa watu wengine, mengi kwa makarani walewale waliofunzwa kazi ndani yake.

Mfumo uliojengwa juu ya kuaminiana na mtu mmoja una nguvu akiwepo, na una udhaifu akiondoka. Kila karani alimjua Allidina. Ahadi zilikuwa kwake, madeni yalikuwa kwake. Haikuwa kampuni yenye wakurugenzi na hisa ambayo ingeendelea bila yake. Wafanyabiashara wetu wa leo, wenye maduka Marikiti, Kongowea na Biashara Street, ambao kila kitu kiko kichwani mwa baba na katika simu yake, wana jambo la kufikiria hapo.

Shule iliyobaki

Kabla ya kufa, Abdul Rasul alikuwa amefanya jambo lililolihifadhi jina la baba yake kuliko duka lolote. Alijenga shule kwa kumbukumbu ya Allidina katika miaka ya mwanzo ya 1920 na kuikabidhi kwa serikali. Ndiyo Allidina Visram High School, yenye jengo la fahari linalotazama bahari katika kisiwa cha Mombasa.

Shule hiyo imepitia mengi. Mwaka 1942, baada ya Wajapani kuishambulia Colombo kwa ndege, kikosi cha wanamaji wa Uingereza cha Mashariki kilihamia Kilindini. Serikali ikaichukua shule ya Allidina kwa matumizi ya jeshi, na ndani yake wakawekwa mabingwa wa kusoma fumbo za siri za Wajapani. Katika madarasa hayo, mwaka huohuo wa 1942, ilivunjwa fumbo iliyotumiwa na meli za mizigo za Kijapani, na habari za safari za meli hizo zikaanza kusomwa Mombasa. Mwaka 1943 wengi wao walirudi Colombo. Wazee wetu wa wakati ule walipita nje ya uzio wakiona askari tu.

Kuna ukweli mwingine kuhusu shule hiyo. Chini ya mkoloni, elimu iligawanywa kwa rangi, na Allidina ilikuwa shule ya wavulana wa Kihindi. Mtoto wa Kiswahili, wa Kimijikenda au wa Kiarabu hakuwa na nafasi mle. Kumbuka sharti la Sewa Haji kule Bagamoyo mwaka 1892, kwamba watoto wa rangi zote wasome pamoja. Mombasa ilibidi ingojee uhuru ili jambo hilo litimie katika shule yenye jina la mwanafunzi wake. Leo watoto wa kila asili wa mji huu wameketi katika madarasa yale, na waliomaliza wako katika kila kazi, kutoka bandarini hadi bungeni.

Yanayobaki kufanywa

Kumbukumbu za watu kama Allidina zimetapakaa. Nyingine ziko katika nyaraka za serikali, nyingine katika masanduku ya familia: daftari za Kigujarati zilizoliwa na mchwa, risiti za forodha, picha za harusi zenye majina nyuma. Hali ni hiyohiyo kwa familia za Kiswahili na Kiarabu zilizokuwa na majahazi, na kwa familia za wapagazi na makuli ambazo hazina hata daftari, zina masimulizi tu ya nyanya.

Kila mzee anayefariki Mji wa Kale, Kibokoni, Majengo au Rabai anaondoka na sehemu ya habari hizo. Vijana wa shule ya Allidina wangeweza kuanza na kazi ndogo: kuwauliza wazee wa nyumbani kwao walikuwa wakinunua wapi, kwa nani, kwa pishi ngapi na kwa deni la nani, na kuyaandika majibu. Sanamu ya Treasury Square inamwonyesha mtu mmoja. Waliobeba mizigo yake walikuwa maelfu, na wajukuu wao wengi wangali hapa mjini.